Viwanja vya skuli vifunguliwe kwa watoto baada ya Alasiri

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nichangie mazungumzo ambayo hurudi kila likizo ya skuli inapokaribia, redioni na barazani na sasa hata katika vikundi vya simu. Husemwa kwamba watoto wa leo hawatoki nje, kwamba macho yao yameganda kwenye simu, na kwamba sisi tuliokulia juani na mvuani tulipata malezi ambayo wao hawatayapata tena. Mengi katika hayo ni kweli. Kinachonisikitisha ni kwamba karibu kila anayeyasema humalizia kwa kumlaumu mtoto, na asipomlaumu mtoto humlaumu mama yake.

Nilizaliwa na kukulia Wete, Pemba, nikasomesha katika skuli za msingi za visiwa vyote viwili hadi nilipostaafu, na sasa ninaishi Fuoni na wajukuu. Kwa hiyo utoto huo unaosifiwa ninaujua. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa kamili, maji hutoka mbali sana, na kwetu hutoka asubuhi, kuanzia saa nne hivi. Siku kama hiyo ikiangukia mapumziko tulikuwa pwani na vikapu vyetu, tukiokota chaza na kufukuza kaa kwenye mikoko, na hakuna mtu mzima aliyekuja kututazama. Hakuna aliyetusomesha kwamba maji hujaa na kutoka mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Tulilijua hilo kwa miguu, kwa sababu aliyezubaa huko mbali alirudi na maji ya kifua na kikapu kichwani. Ulipofika msimu wa karafuu tuliokota zilizodondoka chini ya mikarafuu ya watu, kwa ruhusa na mara nyingine bila ya ruhusa, tukazianika wenyewe na kuziuza ili tupate pesa ya Sikukuu. Katikati ya hayo kulikuwa na michezo ya nage, mdako, kibe na gololi, na kupikiana kwa vifuu vya nazi nyuma ya nyumba mpaka moshi ukatutoa machozi. Kutembea peke yetu kwenda shamba kwa bibi, mwendo wa saa nzima, halikuwa jambo la kumwombea mtoto dua maalumu.

Hata hivyo, wanaosema kwamba hatukuwa na mtu wa kutuangalia hawakumbuki vizuri. Kutoka pwani hadi nyumbani kwetu zilikuwepo baraza kadhaa, na kila baraza ilikuwa na wazee wake wanaocheza bao au wanaosuka ukili, na kila mmoja wao alikuwa na haki ya kuniita na kuniuliza, "Mtoto wa nani wewe, na unatoka wapi saa hizi?" Jibu langu lilikuwa likifika nyumbani kabla yangu. Mzee huyo aliweza kunigombeza, hata kunichapa ufito mmoja wa miguu, na mama angemshukuru. Sikusudii kuurudisha ufito, ambao sisi walimu tuliutumia kupita kiasi na wala hatukupata faida yake; ninachotaka kuonesha ni kwamba uhuru wetu ulikuwa ndani ya wigo wa macho ya watu wazima ambao hawakuwa wazazi wetu, na adhana ya Magharibi ilikuwa ndiyo mlango wa wigo huo. Ikisikika, kila mtoto alijua mahali anapotakiwa kuwa.

Na kwa kuwa mimi ni mwanamke, sina budi kuongeza kwamba uhuru huo haukugawiwa sawa. Kaka zangu walikwenda pwani mpaka walipoota ndevu. Mimi nilipovunja ungo nilikatazwa kutoka ovyo, na jiko na ua ndivyo vikawa dunia yangu ya jioni. Mara nyingi wanaouandika utoto ule kwa utamu mwingi ni wanaume, na wala siwashangai.

Wala hawaandiki walioumia. Mkarafuu una matawi mepesi kuvunjika, na kila msimu ulituachia mtu mwenye mkono uliopinda au mgongo usionyooka. Visima vilikuwa wazi. Waliokufa maji hawaleti barua gazetini kusifu zama zao. Yalikuwepo pia madhara ya aina nyingine, yanayofanywa na watu wazima ambao mtoto aliwaamini, na wakati ule yalizikwa kwa neno "sitiri". Leo yanasemwa hadharani, polisi na mahakama zinapokea kesi za udhalilishaji wa watoto, na mama anayesikia habari hizo kila wiki akaamua kufunga mlango wake hastahili kuitwa mwoga. Mtu anayemwambia amwachie mtoto wake nje lazima amwambie vilevile ni nje ipi hiyo.

Hapa ndipo penye suala lenyewe. Watoto hawakuacha kutoka nje kwa sababu ya skrini. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika, na watoto wa Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja, waliendelea kucheza uchochoroni mpaka giza lilipoingia. Simu imekuja kukaa mahali palipokuwa tayari patupu. Kilichotangulia kuondoka ni ardhi. Sensa ya mwaka 1967 ilituhesabu zaidi kidogo ya watu 350,000 visiwani. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta watu 1,303,569, na ya mwaka 2022 ikatukuta 1,889,773, ambao karibu nusu yao wanaishi katika Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Watu hao lazima wakae mahali. Fuoni ninayoishi ilikuwa mashamba ya mihogo na minazi, na mimi mwenyewe nimo katika waliokuja kujenga humo. Kila eneo lililoachwa tupu lilihesabika kuwa halina mwenyewe, likawekwa matofali, na kiwanja ambacho vijana walichezea mpira mwaka huu mwakani kinakuwa msingi wa nyumba. Waliopanga majumba ya ghorofa ya Michenzani mjini Unguja, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, walivunja nyumba nyingi za watu na wamelaumiwa kwa hilo, lakini angalau waliacha nafasi baina ya majumba yale marefu. Sisi tuliojijengea wenyewe baadaye, bila ya ramani, hatukuacha hata njia ya gari ya zimamoto.

Hata palipobaki njia, vyombo vya maringi mawili vimeichukua. Bodaboda hupita uchochoroni ambako zamani alipita punda na gari lake, na dereva wake ana haraka ya abiria mwingine. Huko mashamba ya mashariki ya Unguja, ambako mtu angedhani watoto wangali na pwani yao, mahoteli yamejipanga ufukweni, na baadhi ya njia za wanakijiji za kuteremkia baharini zimebanwa kati ya kuta mbili. Baraza nayo imekwenda. Nyumba mpya ina ukuta na geti la chuma, na baraza ikiwemo basi imo ndani ya ukuta, inatazamana na banda la kuku. Wapangaji wanabadilika kila baada ya miezi michache, na mzee akimkanya mtoto asiyemjua huulizwa yeye ni nani. Kwa hiyo tunapomwambia mtoto "toka ukacheze", tunampeleka mahali ambapo hapana uwanja wala mtu wa kumuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Ninajua kwamba Serikali ina viwanja vya kufurahishia watoto, kama vile Kariakoo hapa Unguja na Tibirinzi kule Chake Chake, na wajukuu wangu huvisubiri kwa hamu Sikukuu zinapofika. Mahali pa namna hiyo mtoto hupelekwa, kwa nauli na kwa mtu mzima wa kumshika mkono, na hawezi kwenda kila siku. Mchezo wa kila siku unahitaji mahali ambapo mtoto wa miaka minane anaweza kufika kwa miguu yake na kurudi akiwa na njaa.

Mahali hapo papo, Mheshimiwa Mhariri, na tumepafunga kwa kufuli. Karibu kila mtaa una skuli ya Serikali iliyo karibu, na nyingi zina uwanja wenye ukuta, ambamo bodaboda haingii. Jioni, wanafunzi wakishaondoka, geti linafungwa, na watoto wale wale waliokuwa ndani wanacheza mpira barabarani mbele ya geti hilo hilo. Skuli za ghorofa zilizojengwa miaka ya karibuni zinatupa fursa zaidi, kwa sababu jengo likipanda juu uwanja unaweza kubaki chini, ikiwa hatutakimbilia kuugeuza maegesho ya magari.

Ninapendekeza kwamba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kwa kushirikiana na masheha, yaani viongozi wa shehia zetu za mitaani, na kamati za skuli, iruhusu viwanja hivyo vifunguliwe kuanzia baada ya sala ya Alasiri, watoto wanapotoka chuo cha Kurani, hadi karibu na Magharibi. Ni muda wa saa mbili au pungufu, na kwa kuwa jua letu halibadiliki sana mwaka mzima, ratiba ile ile itafaa kaskazi na kusi. Madarasa yabaki yamefungwa. Wazazi wawili au watatu wa shehia husika, wanaojulikana na kuandikwa kwa sheha, wakae kwa zamu chini ya mwembe au kivuli chochote kilichopo. Wasigawe timu wala wasipulize filimbi, na wasimfundishe mtoto namna ya kucheza. Kazi yao ni ile iliyokuwa ya wazee wa baraza, yaani kuwepo, kuona nani ameingia na nani anatoka naye, na kuuliza. Ningependa zamu zisiwe na mtu mmoja peke yake kwa hali yoyote, na kila zamu awemo mwanamke, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja. Kadhalika sehemu ya uwanja itengwe kwa ajili ya wasichana, kwani bila ya hivyo mpira wa miguu utaumeza uwanja mzima, na wasichana watabaki ukutani wakiwatazama kaka zao.

Nimekaa ofisi za skuli miaka mingi na ninajua walimu wakuu watasema nini. Watauliza nani atalipa kioo kitakapovunjika, nani atasafisha vyoo na nani atajibu mtoto akivunjika mkono. Ni maswali ya haki. Katika skuli moja niliyosomesha, uwanja ulifungwa kabisa kwa sababu ya dirisha moja, na haukufunguliwa tena muda wote niliokuwepo. Lakini dirisha lina bei, na wazazi wa mtaa wakichangishana kidogo kidogo wataimudu, kama wanavyochangishana kwa maziko na harusi bila ya kusukumwa na mtu. Kuhusu mkono uliovunjika, naona Wizara ingetoa mwongozo ulio wazi, ili mwalimu mkuu asibebeshwe peke yake jambo lililotokea saa ambazo si za kazi. Bila ya mwongozo huo atafunga geti, nami katika nafasi yake ningefanya vivyo hivyo.

Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Sikitaji kifungu hicho ili kumtisha mtu. Nakitaja kwa sababu katika vikao vya mipango ya ardhi nilivyowahi kuhudhuria, nafasi ya kuchezea huwa ndiyo ya kwanza kukatwa eneo linapokuwa dogo, na anayeitetea huonekana kama aliyeleta mchezo kwenye jambo la watu wazima.

Sitarajii kwamba wajukuu wangu watajua saa za bamvua kama nilivyozijua mimi, wala sitaki wapande mikarafuu ya watu. Ningefurahi wapate mahali pa kugombana na wenzao kuhusu nani ametoka na nani bado yumo mchezoni, na wapatane wenyewe, huku mtu mzima akiwa mbali kidogo na akishughulika na ukili wake. Kama ipo kamati ya skuli, Unguja au Pemba, ambayo tayari inafungua uwanja wake jioni, naiomba iandike katika ukurasa huu na itueleze hasa mambo mawili: zamu za wazazi zinapangwaje, na gharama za vioo na maji zinatoka wapi. Shehia yetu iko tayari kujaribu, na sheha ameshatusikiliza. Tunachosubiri ni ruhusa ya maandishi ya kufungua geti.

Ahsante.

Mwalimu mstaafu,
Fuoni, Unguja