Krismasi njema mlioenda kwenu na sisi tuliobaki Dar

Heri ya Krismasi na mwaka mpya ndugu zangu wote, mliofika Moshi, Bukoba, Mbeya, Songea, wazee wetu huko wapeni shikamoo zetu. Huku Dar nyeupe kabisa, jana nimetoka Ilala mpaka Posta hamna foleni hata moja, yani unasikia kengele za kanisa la Azania Front ukiwa mbali. Kila Desemba watu wanasema "naenda nyumbani", na mimi nilozaliwa hapa nabaki nawaza, kwani Dar ni nyumbani kwa nani?

Maana ukiwatoa Washomvi na Wazaramo wa Mzizima, kijiji cha zamani kilichokuwa hapa, wengine wote tumekuja. Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar aliona hii bandari ilivyojificha vizuri, akataka biashara ya bara ishukie hapa, akaita Wahindi na Waarabu wa Hadhramaut, na tusifiche, kuna watumwa waliofanyishwa kazi humo. 1870 akafariki mji haujaisha, mdogo wake Barghash hakuuhangaikia. 1887 kampuni ya Wajerumani ikafungua kituo, 1891 makao makuu ya koloni lao yakahama toka Bagamoyo, reli ikaanza 1905 na 1914 ikafika Kigoma, basi hapo ndo wakazidi kuja, Wanyamwezi, Wamanyema toka Kongo, Wagoa toka India, Wasudani waliokuja kama askari, kila mtu na dini yake na chakula chake, lugha ya kuelewana sokoni ikawa Kiswahili.

Kinachoniuma ni Waingereza, wameingia 1916 halafu wakaja kuugawa mji, Uzunguni huku, Uhindini kule, Waafrika Kariakoo, na eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi katikati ili watu wasichanganyike. Hilo jina Kariakoo lenyewe limetoka kwenye Carrier Corps, kambi ya wapagazi wa vita vya kwanza, wangapi walibeba mizigo ya watu na hawakurudi kwao kula sikukuu yoyote, mimi nikipita pale huwa nawakumbuka. Leo ndani ya Kariakoo hiyohiyo kuna Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Swahili na Mtaa wa Sikukuu, na Mnazi Mmoja watu wa kila aina wanapumzika kivulini. Sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 5.3.

Leo alfajiri jirani yangu, mama wa Kiislamu, kanigongea mlango na kisu chake mkononi, kaja kunimenyea vitunguu swaumu vya pilau kama mimi nilivyoenda kwake Idi, hajaitwa na mtu. Sasa hivi sufuria liko jikoni na watoto wa nyumba zote mbili wako mlangoni wananusa.

We uliyebaki Dar huna ndugu, nauli imekushinda au zamu ya kazi imekubana, njoo tu Ilala, sahani yako ipo. Mlio safarini rudini salama, na ndizi za mtori msisahau.