Ukaguzi wa ununuzi usiishie kwenye saini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ukaguzi wa ununuzi wa umma, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi kabla ya kustaafu.

Zamani tulichota majalada machache kabatini, tukatazama kama hati ya agizo, hati ya kupokelea mali na ankara ya mzabuni zinalingana kwa bei na idadi, na zilipolingana tukatia tiki. Mwaka mmoja nilikuta jalada lenye saini zote, ila agizo la saruji lilikuwa limetolewa siku tisa baada ya saruji yenyewe kuingia ghalani. Tuliliona kwa bahati tu, kwa kuwa lilikuwamo kwenye sampuli.

Tangu mwaka 2023 taasisi zetu zinanunua kupitia NeST, mfumo wa taifa wa ununuzi wa umma kwa mtandao hapa Tanzania, na mfumo wa kielektroniki huacha nyayo za nani alifanya nini na saa ngapi. Kumbukumbu hizo zikipangwa kwa namba ya zabuni na kuunganishwa na zile za ghala na malipo, programu inaweza kuzipitia zote bila kuchagua sampuli, ikalinganisha mfuatano uliotokea na ule uliotakiwa: idhini ya bodi ya zabuni kabla ya mkataba, agizo kabla ya mali, mali kabla ya malipo. Itaonyesha pia mtu aliyeomba na kujiidhinishia mwenyewe, ilhali Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka idara tumizi (ile inayohitaji mali), kitengo cha ununuzi, bodi ya zabuni na afisa masuuli (mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake) kila mmoja atende kwa uhuru wake.

Hata hivyo, tarehe ya mfumo ni ya kuingiza taarifa, na si lazima iwe ya tukio. Mtunza ghala aliyepokea dawa Jumatatu mtandao ukiwa umekatika, akaziingiza Ijumaa, ataonekana mkosaji bila kosa. Naye karani anayetumia nywila ya mkuu wake aliye safarini (jambo la kawaida kuliko tunavyokiri) ataonekana msafi kabisa. Kwa hiyo, kila kasoro inayoibuka ihojiwe kwa wahusika kabla ya kuitwa wizi, maana hata ununuzi wa dharura una taratibu zake kisheria, tofauti na za kawaida.

Ombi langu ni kwamba wakaguzi wa ndani wapewe kumbukumbu ghafi wazisome wenyewe. Nilikokuwa, ripoti tulichapiwa na idara ileile tuliyokuwa tukiikagua.

Mkaguzi wa ndani mstaafu,
Morogoro