Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kwa Nini Tuliukataa Mkataba wa Nairobi

Waheshimiwa wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama wa chama chetu cha wauza nafaka hapa Busia, upande wa Uganda, nawasalimu nyote, mliofika na mliotuma udhuru.

Shughuli za kawaida mnazijua. Mikutano minne iliitishwa, mmoja ukaahirishwa kwa kukosa akidi. Tulizika wenzetu wawili na kuchangia harusi moja. Paa la ghala limezibwa, leseni imelipwa. Maharage yalikwenda vizuri, mtama hivi hivi.

Nije kwenye lile linalosemwa kila kona ya soko, hata na watu ambao si wanachama. Mwezi wa sita kiwanda kimoja cha unga cha Nairobi kilituma watu wake. Walitaka mahindi yetu yote kwa mwaka mzima, shilingi 40 za Uganda juu ya bei ya soko kwa kila kilo, kwa sharti kwamba tusimuuzie mtu mwingine. Wengi walitaka tutie sahihi jioni ileile. Kamati ilikataa, na aliyesimama kidete ni mimi. Sifichi.

Kwanza, mkataba ule haukusomwa mpaka mwisho na wanaoulilia. Bei ilikuwa "ipitiwe upya" baada ya Septemba. Sisi huvuna Juni na Julai, wakati maghala ya Kitale, kule Kenya, yamepungua na Kenya inatuhitaji. Kuanzia Oktoba Wakenya wenyewe wanavuna, na bei inalegea. Kwa hiyo yule mnunuzi angetulipa vizuri miezi ambayo tungeweza kumuuzia yeyote, kisha atupangie bei atakayo wakati tumeshawafukuza wateja wengine wote. Hilo halihitaji shahada ya biashara.

Pili, tumesahau upesi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya aflatoksini, ile sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu. Siku chache baadaye ikafungua, lakini kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Aliyekuwa na mteja mmoja tu ng'ambo ya mpaka alibaki akiangalia gunia lake. Waliotegemea Rwanda pekee waliyaona ya Katuna, mpaka wetu na Rwanda uliofungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwisho wa Januari 2022. Waliokimbilia dola za Juba, Sudan Kusini, nao, mwaka 2023 malori ya mahindi ya Uganda yakazuiliwa Nimule, mpakani mwa nchi hiyo, sababu ni hiyohiyo ya aflatoksini. Mnunuzi anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini mpaka si wake.

Kwa hiyo badala ya mkataba tulitumia milioni 9 za akiba: vipima unyevu viwili, maturubai, na gharama za maabara. Hapo ndipo kelele zilipoanza, na nimesikia hata kwamba mwenyekiti "amekula". Risiti ziko kwa mweka hazina. Anayetaka aende akazisome, asinisome mimi.

Mmoja wa wazee wetu alileta magunia Julai. Kama kawaida aliuma punje, ikakatika "ka", akasema kavu. Kipima unyevu kikasoma asilimia 16. Kiwango cha Afrika Mashariki ni kisichozidi 13.5. Mahindi yakarudi juani, yakasoma 13.2, yakapita. Mzee alinung'unika kwa sababu gunia la kilo 100 likishuka kutoka 16 hadi 13.5 linapungua karibu kilo 3, na kilo hizo zilikuwa maji aliyozoea kuyauza. Lakini mzigo wake haukurudishwa mpakani, wala wa mwanachama yeyote aliyepima. Waliopita njia za panya na mahindi mabichi wanajijua, na hasara zao pia.

Nakiri kwamba Julai na Agosti bei tuliyoipata ilikuwa chini ya ile ya mkataba. Novemba ilikuwa juu ya ile ambayo kiwanda kile kilikuwa kikiwapa wengine. Tumeuza kwa viwanda viwili upande wa Kenya, kwa mashule, na malori kadhaa kupitia Elegu, mpaka wa kwenda Sudan Kusini. Tani 640 kwa mwaka, wateja wanne.

Sasa mahudhurio. Tuko wanachama 112. Mkutano wa Juni, wa mkataba wenyewe, walifika 23. Wanaopiga kelele zaidi leo nimetafuta majina yao kwenye kitabu cha mahudhurio, sikuyaona. Ada imelipwa na 38. Ndugu zangu, mtu ambaye hajalipa ada anauliza akiba ilikwenda wapi!

Kwa mwaka ujao tunatumaini kupata mashine ya kukaushia, wafadhili wakijitokeza, maana mvua za Julai haziningojei mimi. Tutaangalia pia soko la Kongo, ambayo iko ndani ya Jumuiya tangu 2022, na Kiswahili chetu huko kinafika mbali. Mipango itafuata.

Ada ipokelewe na mweka hazina kabla ya mavuno. Asiyelipa atapimiwa mwisho. Na ile mizani ya chama iliyoazimwa mwezi wa tano irudi ghalani. Aliye nayo anajijua.

Mwenyekiti