Kabla Hujapanda Ndege ya Ulaanbaatar

Tanga,
14 Machi

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na hongera kwa kukata tiketi ya Julai. Umeniuliza mambo ya Mongolia. Nakuandikia yale yatakayokufaa ukiwa huko. Mengine utayasoma njiani, maana kutoka Dar hadi Istanbul, kisha Istanbul hadi Ulaanbaatar, mji mkuu wao, muda utakuwa nao tele. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa 5.

Umbali ndio unaowaharibia wageni safari. Mongolia ni kubwa kuliko Tanzania na Kenya zikiunganishwa, kilomita za mraba zaidi ya milioni 1.56, na watu wake ni kama milioni 3.5 tu, karibu nusu yao wakiwa Ulaanbaatar. Ukishaiacha lami, gari hufuata alama za magurudumu kwenye nyasi, kilomita 30 au 40 kwa saa, na mvua za Julai hujaza mito isiyo na madaraja. Kwa hiyo mtu anayekuuzia jangwa la Gobi kusini na ziwa Khövsgöl kaskazini kwa wiki moja anakuuzia kiti cha gari. Chagua upande mmoja. Mpangapo njia, muulize dereva saa ngapi, usimuulize kilomita. Magari yao mengi ni mitumba ya Japani kama yetu, usukani kulia, ila wao huendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva akitaka kulipita lori haoni mbele vizuri. Na wewe ukivuka barabara mjini, tazama kwanza kushoto.

Sasa hema lao, ger, ambalo utalala ndani yake. Kuta ni fito zilizofumwa kama wavu unaokunjika, juu yake hufunikwa mablanketi mazito ya sufu ya kondoo iliyoshindiliwa. Katikati pana jiko la chuma, na moshi hutokea kwenye tundu la paa. Mlango hutazama kusini siku zote, kwa sababu upepo mkali hutoka kaskazini na jua la baridi liko kusini. Ukilijua hilo, hema linakuwa dira yako. Na kwa kuwa kibla ukiwa Ulaanbaatar au Gobi ni karibu magharibi kamili, ukiingia tu kibla kiko mkono wako wa kushoto. (Ukifika Ölgii, magharibi ya mbali, kinainama kidogo kuelekea kusini.)

Mlangoni hawapigi hodi. Ukiwa bado mbali unapaza sauti, “Nokhoi khor!”, yaani shikeni mbwa. Usilione jambo la mzaha: mbwa wao hulinda mifugo dhidi ya mbwa mwitu, na kichaa cha mbwa kipo. Ningekuwa wewe ningechanja kabla ya kuondoka, kwani kutoka malishoni hadi hospitali yenye dawa panaweza kuwa safari ya siku nzima. Wakishawashika, ingia bila kukanyaga kizingiti, uelekee kushoto, upande wa magharibi, ambako hukaa wageni. Mashariki ni kwa mama mwenye nyumba na vyombo vyake. Kaskazini, mkabala wa mlango, ni mahali pa wazee na vitu vya heshima, usikae mpaka ukaribishwe. Usipite kati ya nguzo mbili za katikati, usielekeze nyayo kwenye jiko, wala usitupe takataka motoni, hata karatasi ya peremende. Ukipewa kitu, pokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko chake. Wakisahau wageni mengine yote, hili la mkono ndilo linalotazamwa zaidi.

Utaletewa chai ya maziwa yenye chumvi. Inywe. Airag ni jambo jingine: ni maziwa ya farasi jike, yanachachushwa kwenye mfuko wa ngozi ya ng'ombe na kupigwa kwa mti maelfu ya mara. Yana kileo, kama asilimia 2. Usikatae kwa kutikisa mkono. Pokea bakuli, gusisha mdomo tu kisha urudishe, hakuna atakayekasirika. Hata wasioona tabu na kileo huanza na mafunda machache, maana bakuli zima siku ya kwanza huendesha tumbo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, baadaye alipita katika nchi ya Özbeg Khan, mtawala wa ukoo wa Chinggis (yule Genghis Khan, mwasisi wa dola ya Wamongolia), akaletewa maziwa hayo hayo. Aliyaonja, hayakumpendeza, akampa mwenzake.

Kuhusu nyama nitasema wazi. Kwa desturi yao kondoo hachinjwi shingoni: humlaza chali, wakapasua kidogo kifuani, mkono ukaingia na kuukata mshipa mkubwa wa moyo, ili damu isimwagike ardhini. Damu hiyo hujazwa kwenye utumbo ikapikwa. Basi huko malishoni tegemea mtindi, malai na maziwa makavu magumu yaitwayo aaruul, ambayo hunyonywa polepole, usiyatafune ukavunja jino. Mandazi yao, boortsog, uliza yamekaangwa kwa mafuta gani. Beba tende, dengu na samaki wa kopo. Mkoa wa Bayan-Ölgii wenyeji wengi ni Wakazaki Waislamu na nyama ya kuchinjwa ipo, ila uliza ni ya mnyama gani: farasi nao wanamla. Huko ndiko wanakowinda mbweha kwa tai, na tai wanaofunzwa ni majike kwa sababu ni wakubwa kuliko madume. Tamasha lao huwa Oktoba, kwa hiyo Julai hutaliona.

Utakaloliona ni Naadam, sikukuu yao ya michezo, kuanzia tarehe 11 Julai. Mieleka haina madaraja ya uzito wala kikomo cha muda. Wanaingia watu 512, raundi 9, na anayegusa chini kwa goti, kiwiko au mgongo ametoka. Mshindi wa raundi 5 hupewa jina la kipanga, wa 7 tembo, na bingwa huitwa simba, katika nchi isiyo na tembo wala simba hata mmoja. Mbio za farasi hufanyika nje ya mji, na wapanda farasi ni watoto. Jambo hilo linabishaniwa sana hata kwao kwa sababu ya ajali. Mimi ningeacha uwanja wa taifa nikaenda Naadam ya wilaya, ambako unasimama hatua chache kutoka kwa wanamieleka.

Wanyama: nenda Hustai, kama kilomita 100 magharibi ya mji mkuu, kamwone takhi, farasi-mwitu halisi. Alitoweka porini miaka ya 1960, wakabaki wachache kwenye bustani za wanyama Ulaya, na mwaka 1992 wazao wao wakaanza kurudishwa. Ana shingo nene, nywele za shingoni fupi zilizosimama, na mdomo mweupe. Fika jioni, mchana wa joto hupanda vilimani kukwepa nzi, jua likipungua hushuka kunywa maji. Chui wa theluji usimtie kwenye hesabu. Utakayemkuta kila mahali ni marmoti, mnyama mnene wa jamii ya kindi anayesimama mlangoni mwa shimo lake. Usimguse, akiwa hai au mfu, wala usionje nyama yake: viroboto wake hubeba tauni, na mwaka 2019 mume na mke walikufa huko Bayan-Ölgii baada ya kula marmoti mbichi.

Wengi watakupeleka Karakorum, mji mkuu wa kale wa dola ya Wamongolia, ukitegemea kuona fahari yake. Temujin alitangazwa Chinggis Khaan mwaka 1206, na mwanawe Ögedei ndiye aliyeuzungushia mji huo ukuta mwaka 1235. Leo kilichobaki juu ya ardhi ni kobe wa mawe na misingi michache. Mawe yake yalijengea nyumba ya watawa ya Erdene Zuu kuanzia mwaka 1585, na hiyo ndiyo ya kutazama. Kaburi la Chinggis halijulikani lilipo, kwa hiyo anayejitia kukuonyesha, mpe shukrani, fedha usimpe.

Nguo: hata Julai beba sweta nzito na koti la mvua. Niandikie haraka umechagua kusini au kaskazini, maana Gobi inataka kofia pana na kitambaa cha kuzuia vumbi, na Khövsgöl inataka soksi za sufu.

Wasalimie nyumbani wote.

Wako,
Mwanaheri