Asante sana kaka uliyefufua rauta yetu Njiro

Jamani kuna kaka mmoja hapa Arusha, jina simtaji maana hakutaka, ila lazima nimshukuru hadharani. Umeme ulikatika, uliporudi rauta yetu ya Cisco ikawa inawaka inaishia kwenye rommon tu (hali ya dharura kabla mfumo haujapakiwa), IOS (mfumo endeshi wake) haionekani kwenye flashi (hifadhi yake ya kudumu), na fundi wa kwanza akasema nunueni mpya.

Huyu kaka akaja jioni na mvua ile, hata chai hajanywa, akachomeka kebo ya konsoli (ya kuongea na rauta moja kwa moja kutoka laptop), faili la IOS liko kwenye laptop yake yenye seva ya TFTP (njia rahisi ya kutuma mafaili kwenye mtandao), akawa anaandika taratibu mipangilio ya anwani na faili huku ananielekeza: IP_ADDRESS, IP_SUBNET_MASK, DEFAULT_GATEWAY, TFTP_SERVER, TFTP_FILE, zote herufi kubwa maana rommon inabagua herufi kubwa na ndogo, mwisho tftpdnld, amri ya kuvuta faili kutoka kwenye seva. Ikagoma! Akazima fayawoli ya laptop iliyokuwa inazuia UDP 69 (mlango unaotumiwa na TFTP), akarudia, zile alama !!!!! zikaanza kujipanga kwenye skrini, aisee nilitamani kumkumbatia.

Akaniambia kwa Xmodem, yaani kupitisha faili kwenye kebo ya konsoli, kwenye kasi ya biti 9600 kwa sekunde faili la MB 30 lingekula kama masaa 9, na tftpdnld inafuta vilivyomo kwenye flashi, so kwa modeli zinazokubali ukitaka kujaribu tu weka -r kwenye amri hiyo ipakie kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) tu. Fundi anayefundisha hivi bila kuficha ni wachache sana.

Hela alikataa kabisa. Kaka, Mungu akubariki wewe na familia yako, na mama wa mapokezi anakuulizia, anasema uje ule mtori.