Ami, niingize

Michenzani, Unguja

Yakhe,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza dukani, kabureta ya vespa mkononi, mteja kasimama ananisubiri mpaka umalize kulalamika. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu nakujua: sauti yangu ikipita dakika mbili unairusha mpaka mwisho.

Kumbe London yote hiyo na Arsenal yako umeiona uwanjani mara mbili tu! Unasema ukijumlisha tiketi na treni, na mtoto naye hataki kubaki nyumbani, pesa ya chakula cha wiki nzima inakwisha siku moja. Nimekuonea huruma, kisha nikacheka, maana tuliobaki huku tukidhani wewe kila Jumamosi umo humo ndani. Ile hadithi ya watu wa Liverpool waliotoka uwanjani dakika ya 77 mwaka 2016, kwa kuwa timu ilitaka kuuza tiketi pauni 77, nimeipeleka barazani. Walipokuwa wanatoka timu yao inaongoza mbili bila, ikaja kumaliza mbili kwa mbili. Baraza zima limeshika hapo. Mzee mmoja kasema ile ndiyo dua ya mwenye kudhulumiwa. Kwamba wenye timu waliirudisha bei chini siku chache baadaye, hilo hakulishughulikia mtu.

Sasa swali lako: uwanja wetu wa Amaan bado mtu anaingia kwa pesa ya bakuli la urojo? Mechi ya ligi yetu, ndiyo, anaingia, na pengine akabakisha ya maji. Lakini nenda ukaangalie nani anaingia. Januari 13, 2024, Mlandege, timu yetu ya hapa mjini, walimfunga Simba bao moja bila kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi. Nilikuwemo. Uwanja ndiyo kwanza umefunguliwa baada ya matengenezo makubwa, viti vipya vinanukia plastiki, watu hawana pa kuweka mguu. Mlandege! Kombe la pili mfululizo, maana 2023 pia walilichukua wao. Nikasema basi sasa watu watarudi kwenye ligi. Baada ya wiki kadhaa nikaenda kuwaangalia wakicheza mechi ya kawaida jioni, tukawa sisi, ndugu wa wachezaji, na yule muuza karanga ambaye alikata tamaa kabla ya mapumziko akakaa kitako akazila mwenyewe.

Kwa hiyo usinambie bei. Bei haikuwatoa watu pale. Mimi naona kwanza ilikufa Ligi ya Muungano, ile ya klabu za Bara na za huku pamoja. Wewe na mimi tulikuwa darasa la nne timu ya Malindi ilipochukua ubingwa wa Muungano mara ya pili, 1992, baada ya ule wa 1989. Kabla yao KMKM, 1984, wakati huo sisi bado tunatambaa. Simba na Yanga walikuwa wanakuja hapa kutafuta pointi za ligi, na wakija wanaogopa. Ligi ile ikasita 2003, mwaka uliofuata tukapata kiti chetu kidogo CAF, shirikisho la mpira la Afrika, klabu zetu zikawa zinakwenda Afrika kwa jina la Zanzibar. Tulishangilia, na mimi sitaki kusema tulikosea. Lakini mtu wa Ng'ambo, mitaa yetu hii, ambaye alikuwa anasubiri Yanga kila msimu akabaki na KVZ na Zimamoto. Hawana ubaya wowote, ila babu yangu hakupata kugombana na babu yako kwa ajili yao.

La pili ni banda umiza, haya mabanda ya kuangalia mpira wa Ulaya kwenye TV kwa kiingilio, na hapa ndipo ninapobishana na wenzangu kila siku. Lipo banda Kikwajuni, mabenchi ya mbao, feni moja haizunguki, kiingilio shilingi mia tano. Jumamosi kijana anaingia saa tisa na nusu, anatoka usiku mkubwa, na kila mechi kiingilio kinakusanywa upya. Ukimuuliza kwa nini haji Amaan atakwambia hana pesa. Anayo, keshalipa mara tatu leo! Ukipiga hesabu ya mwaka, kijana huyu analipia mpira kuliko alivyopata kulipia baba yake, ila pesa yake haifiki kwa mchezaji yeyote wa kisiwa hichi. Na usiku wewe unampigia simu kumuuliza Arsenal imechezaje, kwa sababu yeye kaiona na wewe hukuiona. Haya, nani yuko Uingereza hapo?

Lakini fainali ikija, mambo hugeuka. Mei 25 mwaka 2025 fainali ya Kombe la Shirikisho ililetwa hapa, Simba na RS Berkane, kwa kuwa uwanja wa Mkapa kule Dar ulikuwa umezuiliwa. Simba keshafungwa mbili bila Morocco. Boti za asubuhi zilishusha watu wekundu watupu, Darajani hapapitiki. Kiingilio cha siku ile hukifananishi na cha ligi, na bado watu walikuwa wanatafutana kwa simu: una ya ziada? Walanguzi nao hawakulala. Jirani yangu, shabiki wa Simba toka utotoni, anaishi hatua mia tano kutoka getini, aliisikiliza mechi barazani kwa redio huku makelele ya uwanjani yanamfika kabla ya mtangazaji kusema. Ilitoka sare, bao moja kwa moja, kombe likaenda zake. Aliniambia, "Bora sikutoa pesa yangu." Lakini macho yake hayakusema hivyo.

Mke wangu, siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia Amaan. Hili sikutarajia kukuandikia. Unakumbuka zamani mwanamke ukimuona uwanjani unamhesabu. Sasa wapo upande mzima, na mabuibui na skafu za timu shingoni, na matusi yamepungua kidogo kwa sababu hiyo, ingawa si sana. Alipenda choo kuwa kisafi kuliko alivyoupenda mpira. Ila na mimi sasa nikienda sitoi kiingilio kimoja. Natoa cha mke, cha watoto watatu, na cha shemeji akija kutoka Mkokotoni. Na mechi za usiku ndizo balaa: Amaan ya taa, mpira saa mbili, ukimalizika daladala za shamba hakuna. Shemeji bodaboda ya kumrudisha kwao ni zaidi ya tiketi yake, basi analala barazani kwangu na asubuhi anadai chai. Zamani mechi saa kumi, magharibi kila mtu keshafika kwake.

Wapemba wao wanatucheka. Miaka yote sisi tunasema tiketi rahisi, tiketi rahisi, na wao wanatujibu jumlisha na boti. Januari 2025 Mapinduzi ikachezwa Gombani, timu za taifa, na Zanzibar Heroes wakamfunga Burkina Faso mbili kwa moja kwenye fainali. Mimi sikwenda. Nilipiga hesabu ya boti, pahala pa kulala, na duka kufungwa siku tatu, tiketi yenyewe sikuifikia hata kuihesabu. Ami yangu wa Wete alinipigia simu kutoka jukwaani, hakusema kitu, aliinyanyua tu nisikie.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae nikuandikie.

Unakumbuka sisi tulivyokuwa tunaingia? Tunatoka chuo cha Kurani, na siku nyengine hatutoki, tunatoroka, juzuu kwapani, viatu tumevifunga kamba tumevitia shingoni. Tunasimama getini tunachagua. Wewe ulikuwa fundi. Vijana huwataki, wanakupiga kofi. Unataka mzee wa kanzu aliyekuja peke yake, asiwe na haraka. "Ami, niingize." Naye hata hakutizami, anautoa mkono tu nyuma, unaushika, na yule wa getini anatizama pembeni. Siku moja ulimshika mzee kanzu tu, mwenyewe hajui, ukaingia, kufika ndani akageuka akakuuliza wewe mtoto wa nani. Ukamjibu, "Wako." Yakhe, mimi nilikufa.

Hatukuwa tunalipa, na siku zile sidhani kama hata baba zetu walijua tumo ndani. Lakini tulipoanza kupata vijipesa vya kubeba mizigo Malindi bandarini, pesa ya mwanzo tuliipeleka wapi? Pale pale getini. Tulijilipia wenyewe, tukapita vifua mbele kama mawaziri.

Agosti mwaka 2025, mashindano ya CHAN, yale ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, yalipokuwa hapa, nilimchukua mtoto wa dada yangu tukaangalie Sudan na Algeria, robo fainali, Agosti 23. Hatuna letu pale, lakini mji mzima ulikuwa Sudan. Watu nchi yao iko vitani, wamekuja kucheza mpira, utamshangilia nani mwengine? Karatasi za tiketi zimekwisha siku hizi. Unajaza pesa kwenye kadi, unaigusisha, geti la vyuma linazunguka, linapitisha mtu mmoja. Kadi yangu ikagoma. Nikarudi nyuma, nikaifuta kwa shati, nikaigusisha, ikagoma tena, na foleni nyuma yangu imeanza kusema. Ndipo nikahisi kitu kwenye mkono wangu wa kushoto. Vidole vidogo, vina ubuyu. Nikadhani ni mtoto wa dada, kumbe yeye keshapita, yuko ndani ananipungia.

"Ami, niingize."

Kama miaka tisa hivi. Anatizama mbele, siyo mimi, kama tulivyokuwa tukifanya. Mkono wangu ukafunga wenyewe, wallahi sikufikiri. Kadi ikakubali, nikasukuma, chuma kikazunguka, kikaniingiza mimi na kumwacha yeye nje. Mikono yetu imeshikana kupitia kwenye vyuma. Askari kijana, kwa upole tu, akasema, "Mzee, kila mtu na yake." Mzee! Nikageuka nimwambie yule mtoto asubiri nikamjazie, tayari kaniachia, yuko foleni ya pili anachagua mtu mwengine. Hata hakukasirika.

Najua utasema nini. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia Hillsborough, 1989, watu 97 waliokufa kwa msongamano, na kwamba ndiyo maana huko kwenu watu wakawekewa viti. Na mimi nakumbuka siku tuliyobanwa ukutani pale Amaan mpaka ukapoteza kiatu. Kuhesabu vichwa kuna maana yake, sibishi. Ila wakijua kuhesabu, si wangehesabu na watoto mia mbili wa kuingia bure lile jukwaa linaloitwa Urusi, mechi ya ligi, viti vitupu kama vile? Nimelisema hili barazani, nikaambiwa nigombee uongozi. Nikanyamaza.

Sudan walipita kwa penalti, baada ya sare ya bao moja kwa moja. Mtoto wa dada alilala kwenye penalti ya pili, nikambeba mpaka nyumbani.

Ukija Disemba niambie mapema, kabla hujanunua tiketi ya ndege. Mapinduzi ikipelekwa tena Gombani itabidi tuvuke, na bahari ya kaskazi unaijua, tumbo langu halijabadilika toka tulipokuwa skuli. Niletee na seti ya pete za pistoni kwa ile vespa ya zamani, huku zinazokuja siku hizi hazidumu. Nisalimie shemeji yangu na watoto. Mama anakuuliza kila Ijumaa, mpigie.

Nduguyo wa Michenzani