Yule Mjerumani aliyempita Tegla

Eldoret, Jumapili jioni

Mpendwa Chebet,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila goti langu linanikumbusha umri kila nikishuka ngazi.

Ulivyonieleza habari za yule msichana wako anayekwepa mazoezi akiwa kwenye siku zake, na sasa anataka kuacha mbio kabisa, nilimkumbuka Uta Pippig. Yule Mjerumani aliyempita Mkenya mwenzetu Tegla Loroupe kwenye marathoni ya Boston, Marekani, 1996, tukamnunia kana kwamba ametuibia ng'ombe!

Siku ile macho yetu yalikuwa kwa Tegla tu. Ilikuwa Aprili 15, mara ya mia moja kwa Boston kukimbiwa. Tegla alikuwa mbele, na nyuma yake Pippig alikuwa anaharisha, tumbo linamsokota, hedhi nayo imemshika. Miguu ilichafuka mbele ya kamera na umati. Alijimwagia maji, akasonga mbele. Zikiwa zimebaki kilomita chache akampata Tegla, akampita, akamaliza kwa 2:27:12. Ushindi wake wa tatu mfululizo Boston. Kilichoniudhi nilipokuja kusoma baadaye ni jinsi wengi walivyolizunguka lile neno. Tumbo walilitaja, hedhi ikawashinda.

Lakini ukimsimulia msichana, usiishie hapo. Madaktari waligundua kwamba utumbo wake mpana ulikuwa umekosa damu ya kutosha, na huo ni ugonjwa. Asije akadhani kila maumivu ni ya kukimbia nayo. Siku zake ni jambo moja, kuharisha damu ni jambo la hospitali.

Mimi lakini, kinachonivutia zaidi kwa Pippig ni mwaka 1990. Alizaliwa Leipzig 1965, wazazi wake madaktari, naye akawa mkimbiaji wa klabu ya jeshi la Ujerumani Mashariki kule Potsdam. Januari 1990, Ukuta wa Berlin umeshafunguliwa lakini nchi bado mbili, akaondoka kwenda Ujerumani Magharibi pamoja na kocha wake, Dieter Hogen. Klabu, mshahara, kila kitu akakiacha. Septemba 30 mwaka huohuo, siku tatu kabla ya Ujerumani kuungana, marathoni ya Berlin ilipita kwa mara ya kwanza chini ya Lango la Brandenburg, lililokuwa mpakani kati ya Mashariki na Magharibi. Upande wa wanawake alishinda nani? Yeye. Hebu fikiria kupita pale kwa miguu yako mwenyewe, mahali ambapo miezi michache tu nyuma ungezuiwa na askari.

Baadaye alishinda marathoni ya New York 1993, na Boston 1994 akaweka rekodi ya njia ile, 2:21:45, mwaka ambao Cosmas Ndeti wetu naye alishinda kwa wanaume. Olimpiki haikumpenda: Atlanta 1996 hakumaliza. Alihamia Marekani, na tangu 2004 ni raia wa huko.

Nimempa dereva wa matatu ya kesho asubuhi mfuko wenye jina lako. Ndani kuna bukta mbili nyeusi na pedi za miezi mitatu. Mwambie zimetoka kwa shangazi yake wa Eldoret, na usimpe mbele ya wavulana. Halafu nitumie namba yake ya kiatu.

Wasalimie watoto.

Rafiki yako,
Jeruto